Tangi Linalofurika Oktoba

Newala, Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mimi ndiye niliyeleta maji Newala. Watu wamesahau. Lile bomba kubwa linalopanda kutoka bondeni mpaka mjini, mkono wangu umo.

Hapana. Shajara hii haisomwi na mtu, niseme kweli. Nilikuwa mlinzi wa mabomba yale kabla hayajafukiwa. Nililala juu yake yasiibwe. Moja likaibwa, lile lile nililokuwa nimelilalia. Mpaka leo sijaelewa. Wakanirudisha nyumbani. Lakini mtu aliyelala na bomba analijua kuliko aliyelifunga, kama mke anavyomjua mume kuliko padri aliyewafungisha ndoa. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Mama Kibibi leo asubuhi. Habari ya kulala sikuitaja.

Mama Kibibi ananunua korosho. Tangu tuambiwe biashara ruksa, kila mwenye mizani ni tajiri, na yeye ana mizani mbili. Amejenga nyumba ya matofali ya saruji, bati juu, mifereji pande zote, na nyuma kisima cha kukinga mvua, kirefu hata ukiita jina lako humo ndani kinakujibu kwa heshima. Ana jenereta. Na sasa amenunua tangi la kioo la kufugia samaki kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago Mtwara. Samaki wenyewe wekundu, wadogo kama kidole. Si wa kula. Nimeuliza mara mbili.

Tangi limekuja na ndugu zake. Kuna boksi la kioo la kukaa chini ndani ya kabati, pampu ndogo ya kuzama kwenye boksi, mabomba mafupi ya plastiki, na karatasi yenye picha. Pampu inasukuma maji kutoka boksi la chini kwenda tangi la juu. Tangi la juu likijaa, maji yanashuka kwa bomba jingine na kurudi chini. Yanapanda, yanashuka, hayaendi popote. Kama mimi nilipokuwa mgambo.

Nikaitazama karatasi kwa muda, uso nimeukunja kifundi. Mama Kibibi akaigeuza, maana nilikuwa nimeishika kichwa chini. Nikamwambia nilikuwa naangalia upande maji yanaporudi.

Haraka yake ni hii. Jumamosi wanakuja wageni kutoka Mtwara kumposa Kibibi. Watu wa pwani, wanaoga wanavyotaka. Mama Kibibi anataka wakute maji yanacheza sebuleni kwake mwezi wa kumi, huku juu ambako tunanawa uso kwa vidole viwili. Wasije wakasema wamemtoa binti kwenye ukame.

Haraka yangu ni nyingine. Jana baada ya ibada alikuja shemeji yangu Cecil, kaka wa mke wangu Ethel. Alikaa, hakunywa chai. Cecil asipokunywa chai ujue kuna hukumu. Akasema dada yake ameshuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani tangu mimi na yeye tuna meno yote. Akasema bomba la mjini linakohoa hewa tu, na mimi nimelala. Mvua zikinyesha kabla sijapata maji ya karibu, familia itakaa kikao.

Kikao najua kitasemaje. Nyumba tunayokaa ilikuwa ya mjomba wao, na kwa watu hawa mali ya mjomba ni ya watoto wa dada. Ethel hafukuziki, kwao ni hapa. Anayefukuzika ni mimi, Mmakua wa Chiungutwa, na mkeka wangu, na mvi zangu hizi.

Mama Kibibi ameahidi: tangi likiwa linafanya kazi Jumamosi wageni wakiwapo, Ethel atachota ndoo mbili kila siku kwenye kisima chake mpaka mvua. Nikamwambia hiyo kazi ni ndogo. Akaniamkia shikamoo mara ya pili wakati wa kuondoka. Nikaitikia marahaba kama mkandarasi.


Jumanne, 4 Oktoba

Nimefunga bomba la kupandisha. Linaingia kwenye tangi la juu na kushuka mpaka karibu na changarawe, ili maji yatoke kimya, yasirukeruke kama watoto. Hilo nimebuni mwenyewe. Kwenye picha mdomo wa bomba uko juu kabisa, lakini mzungu ana maji mengi, hajali makelele.

Kisha nikaona balaa. Kioo cha nyuma cha tangi kimetobolewa. Tundu safi, la duara, karibu na ukingo. Mtu ametengeneza chombo cha maji, akakitoboa kwa makusudi maji yatoke. Nikakaa chini. Nimezaliwa Chiungutwa, nimezeekea Newala, nimeona wanawake wakigombana kwa tone lililobaki kwenye kata. Sijaona mtu anatoboa mtungi wake.

Nikafunga bomba la kushuka kama picha inavyotaka, lakini mdomoni nikaweka gunzi la hindi, kama tunavyoziba kibuyu. Nikaacha upenyo mdogo, maji yashuke kwa adabu.

Jenereta ikawashwa. Pampu ikanguruma. Maji yakapanda vizuri. Yakaendelea kupanda. Yakafika kwenye ukingo, yakaupita, yakaenda kutazama zulia. Mimi nikasimama nikishangaa maji haya yanatoka wapi, maana bomba la kutokea nimeliziba. Samaki mmoja akatoka pia. Nimemrudisha. Tulitazamana.

Mama Kibibi akaingia, akatazama zulia lake la Mtwara. Akauliza kwa sauti ndogo kama hivyo ndivyo nilivyoleta maji Newala.

Jioni hakuniamkia.


Jumatano, 5 Oktoba

Nimetoa gunzi. Imeniuma, lakini nimetoa.

Sasa ni ajabu kutazama. Maji yanapanda kimya, yanajaa, yanaingia kwenye tundu, yanashuka boksini, pampu inayachukua tena. Tangi linafurika bila kukoma na hakuna tone linalopotea. Nilikaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Sielewi yanapata wapi hamu ya kurudi.

Mama Kibibi ameniamkia. Mara moja tu, lakini kwa ukamilifu.

Magharibi nikawaacha na jenereta ikinguruma, nikaenda kwa Kulwa, anayeuza uraka, pombe ya mabibo. Msimu umeanza vizuri. Nikawaambia wazee pale kwamba nimefunga tangi linalofurika Oktoba. Wakacheka. Nikaapa. Nikasema linafurika muda huu tunaokunywa, nendeni mkaone. Mmoja akauliza kama yale yanayofurika yana mwenyewe. Nikasema wewe ni mtoto wa wapi? Maji ya kufurika hayana mwenyewe.

Hii ni desturi ya huku, nami nimeikuta. Mvua ikijaza kisima cha mtu na maji yakaanza kutokea kwenye bomba la ziada, yeyote mwenye ndoo anakinga. Haombi. Mwenye kisima anamwitikia salamu, basi. Ukimnyima mtu maji ya kufurika, watu wanasema kisima chako kitapasuka, na mara nyingine kweli kinapasuka, maana saruji ya siku hizi nayo.

Nimelala nikiwa mtu mkubwa.


Alhamisi, 6 Oktoba

Nimeitwa alfajiri. Zulia bichi. Boksi la chini limejaa pomoni, kabati limelowa, na tangi la juu limebaki na maji kiasi cha kuoshea kinda la kuku. Samaki wote wamejibanza chini, wananitazama kama nimewatapeli.

Mama Kibibi anasema wakati analala kila kitu kilikuwa sawa. Alizima jenereta, akafunga mlango. Basi.

Pampu imezimwa, haisukumi. Sasa maji yamepita wapi? Kwenye tundu la kufurika hayawezi, yakishapungua hayalifikii. Nimezunguka tangi mara nyingi. Nimelaza sikio kwenye kioo. Nimefikiria Cecil. Alifanya kazi kwenye mashine ya maji kule bondeni mpaka akastaafu, na hakupendezwa niliposifiwa. Lakini mlango ulifungwa, na Cecil kwa kitambi kile dirishani hapiti.

Tukajaza upya kutoka kisimani. Jenereta ikawashwa. Kila kitu sawa. Nikakaa pale mpaka adhuhuri, kila kitu sawa. Ninapokuwepo linafanya kazi, nikiondoka linafanya vituko. Nimewahi kuwa na ng'ombe wa namna hiyo, ila huyo nilimla.

Kisha balaa la pili. Nilipotoka kula na kurudi, boksi la chini lilikuwa limepungua. Safari hii zulia kavu. Nikaweka alama ya mkaa kwenye kioo. Nikaenda msalani, nikarudi: maji yako chini ya alama. Nikafikiri sana. Hakuna tundu, hakuna ufa, zulia kavu. Ni samaki. Samaki wanakunywa. Nikamweleza Mama Kibibi kwamba mzungu kamuuzia samaki wenye kiu. Akauliza wanaokaa juu wanakunywaje maji ya chini. Nikasema hilo ndilo ninalolichunguza.

Nikajificha nyuma ya pazia kuwavizia. Mlango wa uani ukafunguka taratibu. Ikaingia ndoo. Nyuma ya ndoo, Ethel.

Nikatoka. Hakushtuka. Huyu mwanamke sijawahi kumshtua tangu posa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anakinga maji ya kufurika. Nikamwambia haya si ya mvua, haya yanatakiwa kurudi juu. Akauliza: yanatoka kwenye tundu la ziada au hayatoki? Yanatoka. Tangi lililoko juu limejaa au halijajaa? Limejaa. Basi, Baba Upendo, kwani maji ya kufurika yana mwenyewe? Wewe mwenyewe umeapa kwa Kulwa jana.

Nikaitazama ndoo yake. Halafu nikapata akili. Ethel akipata maji, Cecil anakunywa chai. Ndoo mbili zimeahidiwa kuanzia Jumamosi, sasa zimeanza Alhamisi, kosa liko wapi? Nikamwambia achote, lakini asimwambie mtu. Nami nikajazia boksi kutoka kisimani wakati Mama Kibibi yuko ghalani anapima korosho.

Nimejisifu njia nzima.


Ijumaa, 7 Oktoba

Zulia bichi tena. Tangi tupu tena. Mama Kibibi hakuniamkia, na alipopita alimwamkia mbuzi wangu, naapa.

Amesema leo ndiyo siku ya mwisho. Kesho tangi lisipofanya kazi, ndoo mbili hazipo, na zulia nitalieleza mwenyewe mbele ya wageni.

Nikarudi nyumbani kumweleza Ethel. Nikamwambia ni uchawi, jenereta ikizimwa tu maji yanateremka yenyewe, na pampu imelala. Ethel alikuwa anakamua mabibo. Hakuinua kichwa. Akauliza mdomo wa bomba langu la kupandisha uko wapi. Nikasema chini, kwenye changarawe, ili yasipige kelele. Akasema: na wewe ukienda kuiba uraka kwenye pipa la Kulwa unafanyaje?

Nikasema huo ni uongo wa wabaya wangu.

Akasema unazamisha mpira ndani ya pipa, unanyonya mara moja, unaushusha. Unaendelea kumwagika wenyewe, hunyonyi tena. Utakoma lini? Pipa likiisha, au Kulwa akiuinua mdomo wa mpira hewani. Ndivyo linavyofanya bomba lako. Pampu imekunyonyea, ikizimwa maji yanarudi nyuma kwa njia ile ile yaliyopandia, mpaka mdomo uonje hewa. Na mdomo umeuweka chini kabisa.

Miaka yote hii nimekuwa nikidhani uraka unanifuata kwa mapenzi.

Akamwita Cecil, bila kuniuliza. Cecil akaja na msumari. Akaupasha moto, akatoboa bomba langu la kupandisha tundu dogo karibu na usawa wa maji, upande wa ndani. Akasema maji yakipungua kidogo tu, tundu litavuta hewa, na kurudi kutakoma hapo hapo. Akanitazama. Akasema, shemeji, tundu hili usiliguse. Nikamwambia mimi nimefunga mabomba yeye yuko shuleni. Akasema tulisoma darasa moja, na wote wawili tulilikimbia.

Tukajaribu. Jenereta ikazimwa. Maji yakashuka kidogo, yakakoroma, yakanyamaza. Mama Kibibi akamwamkia Cecil. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikachukua nusu ya hiyo shikamoo.

Cecil akaondoka bila kunywa chai. Akasema ya kesho tutayaona kesho.

Nikabaki nalitazama tangi. Pampu ikiwa inafanya kazi, lile tundu la Cecil linatoa uzi wa maji. Mwembamba, unachirizika pembeni, unarudi tangini. Hakuna kinachomwagika, nakiri. Lakini bomba linavuja. Kesho mgeni kutoka Mtwara atasogea, ataona bomba langu mimi Ambrosi linachirizika mbele ya watu. Atauliza fundi ni nani. Na maji ni maji. Siwezi kutazama tundu linatoa maji na mkono umelala.

Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha, nikaziba. Safi kabisa. Ndivyo tunavyoziba hata tangi la mafuta la gari. Cecil hahitaji kujua. Usiku huu jenereta haizimwi, Mama Kibibi hataki kubahatisha.


Jumamosi, 8 Oktoba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Wageni wamefika alasiri. Mshenga ni Mzee Nurdin, kanzu nyeupe, sikio la kulia limekufa na la kushoto linaumwa. Wengine wanne watano, wanene, wenye maji mwilini. Wakakaa mbele ya tangi. Maji yanapanda, yanashuka, samaki wanapita kama maharusi. Mmoja akanyoosha kidole, akasema kumbe Newala kuna neema. Mama Kibibi akasema hapa ndivyo tunavyoishi. Mimi nyuma ya pazia, karibu na kabati, ikitokea lolote.

Nje, barazani, kuna jambo nilikuwa sijaligundua. Ethel alimwambia mtu mmoja tu kuhusu maji ya kufurika. Mtu huyo alikuwa anatoka sokoni. Nikichungulia dirishani naona ndoo. Ndoo nyuma ya ndoo, na kila ndoo ina mwanamke aliyejifunga khanga yake ya kanisani au ya msikitini, wamekaa kwa utulivu, wanangoja shughuli iishe wakinge. Ethel wa kwanza.

Mzee Nurdin akaanza maneno ya posa. Sisi kuku wageni, tumeona mti wenye matunda. Mama Kibibi akajibu. Mzee Nurdin akasema ati? Mama Kibibi akajibu tena. Ati? Jenereta iko chini ya dirisha. Mzee Nurdin akasema posa haisemwi kwa kupiga kelele kama mnada wa korosho, zimeni hicho chombo.

Wakazima.

Sikuogopa. Tangi lilikuwa limeshatengenezwa.

Nikasikia sauti. Kama mbuzi anakunywa. Nikatazama, maji ya juu yanashuka. Yakaufikia usawa wa tundu la Cecil, nikangoja yanyamaze. Hayakunyamaza. Ndipo nikakumbuka sabuni. Nikatia mkono tangini niing'oe. Ilikuwa imelowa, ikateleza, ikazidi kuingia ndani, na samaki mmoja akaishangaa. Nikaziba bomba moja kwa kiganja. Halikuwa lenyewe. Boksi la chini likajaa. Kabati likaanza kutoa jasho. Mzee Nurdin anasema tumeleta heshima yetu kwenye nyumba kavu, samahani, nyumba safi, na mimi naona maji yananyoosha ulimi kuelekea kwenye zulia, na kule mwisho wa zulia ziko kandambili za mshenga.

Niliona mkeka wangu. Niliuona umekunjwa, umefungwa kamba, uko kwenye baiskeli, unaelekea Chiungutwa.

Hodi, ikasema sauti. Ethel. Akasema limefurika.

Akaingia, kata mkononi, ndoo kwenye nyonga. Akapiga goti, akawaamkia wageni mmoja mmoja. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Shikamooni, shikamooni. Wakapita kwenye zulia kama wanaopeleka sadaka, wakachota kwenye boksi kata kwa kata. Ndoo ikijaa inatoka, nyingine inaingia. Maji yanashuka kutoka juu na wao wanayapokea chini, hakuna tone lililofika kwenye kandambili. Sijaona ufundi wa namna hiyo hata kwa wazungu.

Mzee Nurdin akauliza hii ni shughuli gani.

Ethel ndiye aliyejibu. Akasema, babu, hayo ni maji ya kufurika. Kwetu hayana mwenyewe. Tangi la Mama Kibibi likifurika, majirani tunakinga.

Mzee Nurdin akasema ati? Akarudiwa sikioni. Akauliza, mwezi wa kumi? Ethel akasema, hata mwezi wa kumi.

Mzee akavua kofia, akajifuta paji la uso. Akawageukia wenzake akasema ameposa nyumba nyingi, za zulia na za mkeka, amekula pilau mpaka sikio likaziba. Hajaona nyumba inayogawa maji Oktoba, tena bila kuombwa, tena mgeni yupo. Akasema binti wa nyumba hii hawezi kumnyima mtu chakula. Wakaitikia wote. Posa ikapokewa hapo hapo. Kibibi huko ndani akapigiwa vigelegele, na wenye ndoo wakasaidia.

Samaki wamelala ubavu kwenye maji ya shubiri moja. Wanahema, lakini wapo.


Jumapili, 9 Oktoba

Mama Kibibi ameniita. Ameniamkia. Shikamoo ndefu, baridi, kama kisu kinavyotolewa kabatini. Nikaitikia kwa mbali.

Amesema hana la kufanya. Wale wamerudi Mtwara na habari kwamba nyumba yake inagawa maji kila siku, na mwisho wa mwezi wanakuja na mahari, wengi zaidi, kuja kujionea. Wanawake wa mtaa nao wameshazoea, leo wamefika kabla ya kengele ya kanisa. Hawezi kuwafukuza, kisima kitapasuka na jina litapasuka. Basi tangi litafurika kila jioni mpaka harusi.

Ethel atachota ndoo mbili, ahadi ni ahadi. Akasema tena, angejua mapema, kazi ya ufundi angempa yeye.

Nikashukuru, nikageuka kuondoka. Akasema bado. Maji ya kisima ni ya watu. Maji ya kujaza tangi yatatoka bondeni, na atakayeyaleta ni yule aliyeapa kilabuni kwamba linafurika. Baiskeli na madumu nitapewa.

Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka mvua, au mpaka harusi, ipi itakayochelewa.

Cecil alikuja jioni. Amekunywa chai. Vikombe vitatu. Kikao hakipo, nyumba ipo, mkeka wangu uko mahali pake. Ethel amekaa barazani, miguu ameinyoosha, mara ya kwanza namwona amekaa saa ile. Alikuwa anacheka na majirani. Nilipopita na madumu wakacheka zaidi.


Jumanne, 11 Oktoba

Nimeshuka bondeni na kupanda. Sijui kama niliyeandika hapo nyuma ndiye mimi, yule alikuwa na magoti.

Pale kisimani bondeni wamejaa wanawake na vijana. Wakaniuliza mzee, unabeba ya nani? Nikasema mimi ndiye ninayeleta maji Newala. Safari hii hakuna aliyeweza kunibishia, maji yalikuwa mgongoni kwa baiskeli.

Alikuwepo mtu wa Lukuledi aliyekuja kumtembelea dada yake. Akasema huko kwao kuna mwalimu ana kisima cha kukinga mvua, na kila masika kinatoa maji kwa bomba la ziada, yanapotea shambani. Nikamwambia amtulize huyo mwalimu. Nikishamaliza harusi hii nitakuja na gunzi zuri. Mambo ya maji kupotea ndiyo kazi yangu, na jina langu Mtwara linajulikana.

Madumu ya Mama Kibibi lakini mabaya. Moja lina kitundu juu karibu na mkono, ukimimina linavuta hewa, linalia kama mtoto. Nimekiziba kwa sabuni. Sasa halilii, ila maji yanatoka kwa kigugumizi, yanakata, yanasita, na kuligeuza mpaka liishe ni nusu ya jioni. Sielewi. Nadhani maji ya bondeni yakifika juu yanachoka kama sisi.

Samaki wamepona. Wamenenepa. Nimemuuliza Mama Kibibi tena. Bado si wa kula.

Kesho nashuka tena. Mlima wote nitaumudu, nimejipima, isipokuwa ile kona ya mwisho kabla ya kutokea juu, pale mchanga unaposhika magurudumu. Cecil alipooa, kitanda chake cha mninga nilikibeba mimi kichwani kutoka Lisekese, na godoro juu yake, na yeye mbele anapiga mluzi. Hajawahi kunilipa hata asante. Kesho asubuhi nitamwambia: saa ya jua kuzama asimame pale konani, ashike baiskeli kwa nyuma, asukume. Kona hiyo tu, shemeji.